Sura ya Saba: Swali Linapotoka Ufukweni

Zanzibar hulimwa aina mbili za mwani, na mkulima huzitofautisha kwa mkono hata kabla ya kuzitazama. Spinosamu una vijimiba vinavyokwaruza vidole. Kotoni ni mnene, unateleza, na mnunuzi huulipia takriban mara mbili ya mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotoni ulianza kufa. Matawi yalipauka, yakalainika, yakakatika kwenye taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, na kuchukuliwa na maji. Mkulima alifunga mbegu bamvua hili, na bamvua lililofuata akakuta kamba tupu. Wengi walirudia. Waliomba mbegu vijiji vya jirani, wakahamisha vigingi vyao mbele kidogo kuelekea mwambani, wakabadilisha miezi ya kupanda. Sehemu nyingi za Unguja mambo yaliishia pale pale: watu wakarudi kwenye spinosamu, ambao ni mgumu kufa na bei yake haina maana.

Mkulima yeyote aliyesimama mbele ya kamba ile tupu alikuwa na swali la kisayansi. Kwa nini mwani huu unakufa hapa na sasa, na wa jirani kule ng'ambo ya ghuba unadumu? Ni joto, ni chumvi, ni maradhi, ni mbegu iliyochoka? Maswali ya namna hii viwanda vikubwa huyapeleka maabara. Mkulima wa mwani ana kamba mia kadhaa, watoto, na deni la duka. Sura hii inahusu njia ambayo swali lake linaweza kupita hadi lipate jibu, na jinsi jibu linavyoweza kurudi kwake. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo haipatikani bila jumuiya ya wazalishaji wenyewe, na kwamba jumuiya isiyo na fedha yake katika utafiti huishia kusubiri maswali ya watu wengine.

Kilimo chenyewe ni zao la utafiti. Zamani mwani wa Zanzibar ulikuwa ukiokotwa tu na kusafirishwa nje, mpaka ukaanza kupungua baharini. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amesomea mwani Hawaii, alishikilia kwa miaka kwamba unaweza kulimwa hapa kama Wafilipino walivyokuwa wakiulima. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na vijiji vya jirani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Miaka michache baadaye ufukwe wote ulikuwa na vigingi. Leo wakulima ni zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, na mwani unatajwa baada ya utalii na karafuu katika mazao yanayoingizia visiwa fedha za kigeni. Ukikaushwa, husafirishwa kwenda viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachoshikamanisha dawa ya meno, aiskrimu na nyama za makopo.

Katika mpangilio huo mkulima aliwekwa mwisho kabisa wa mnyororo. Kampuni za ununuzi zilimpa kamba na taitai, naye akapaswa kuiuzia kampuni iliyompa. Bei ilitoka nje ikishuka ngazi kwa ngazi. Zinahitajika kati ya kilo 7 na 10 za mwani mbichi kupata kilo moja ya mkavu, na kwa miaka mingi kilo hiyo ya spinosamu imeuzwa kwa shilingi mia chache. Kampuni hazikuwa na sababu kubwa ya kuhangaika na kotoni wa Paje. Ukikosekana Unguja, utapatikana Indonesia.

Mkulima mmoja peke yake hawezi kufanya utafiti, na watu hukimbilia kusema ni kwa sababu ni maskini. Kweli, lakini kuna sababu nyingine iliyo ngumu zaidi. Tuseme amejaribu mwenyewe, akatumia mavuno ya msimu mzima, akagundua kwamba ukifunga mbegu kubwa zaidi na kuziachia nafasi, zinastahimili. Ufukwe hauna ukuta. Saa ya maji kupwa kila mtu anaona kamba za kila mtu, na kabla bamvua halijaisha kijiji kizima kitafunga vivyo hivyo. Hilo ni jema kwa kijiji, ila aliyelipia jaribio ni mmoja, na lingeshindwa hasara ingekuwa yake pia. Akili ya kawaida ya biashara inamwambia asubiri mwenzake ajaribu kwanza. Mwenzake naye anasubiri.

Tatizo hilo halikuanzia Zanzibar. Waingereza walikutana nalo katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, walipogundua kwamba viwanda vyao vilikuwa nyuma ya Wajerumani katika kemikali, vioo na vyombo vya kupimia. Viwanda vikubwa vilikuwa na wataalamu wake. Vile vidogo, vya kufuma, kushona viatu na kusubu chuma, havikuwa na hata mkemia mmoja. Mwaka 1917 serikali ilitenga pauni 1,000,000 kwa masharti mepesi kueleza: wenye viwanda vya aina moja waunde jumuiya ya utafiti, wachangie, na kila pauni yao serikali iongeze pauni. Jibu lolote litakalopatikana ni la wanachama wote. Kile kilichokuwa kinamkatisha tamaa mwenye kiwanda kimoja, kwamba ugunduzi utavuja kwa jirani, kikageuzwa kuwa ndilo lengo lenyewe.

Jumuiya za pamba, sufu, viatu na chuma zilizaliwa kwa mpango ule. Ya wasubu chuma, iliyokuwa karibu na Birmingham, ndiyo ninayopenda kuitaja. Chuma cha kusubu kilikuwa na aibu ya karne nyingi: kinavunjika. Ndani yake grafiti hukaa kwa vipande bapa, na kila kipande ni mwanzo wa ufa. Mwaka 1933 jumuiya ilimwajiri kijana wa miaka 16 aitwaye Henton Morrogh. Akakulia katika maabara yake, akiangalia vipande vya chuma kwa darubini mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1948, katika mkutano wa wasubu chuma Philadelphia, alieleza jinsi kiasi kidogo cha seriamu kinavyoifanya grafiti ijikunje kuwa viduara, na chuma kikaweza kupinda bila kuvunjika. Katika ukumbi ule ule kampuni kubwa ya nikeli, INCO, ilitangaza kwamba yenyewe imefika hapo kwa kutumia magnesiamu. Njia ya magnesiamu ilikuwa rahisi zaidi, na ndiyo iliyoenea duniani. Hilo halipunguzi lililotokea: jumuiya ya karakana ndogo, kwa michango yao, ilifika kwenye mlango mmoja na kampuni yenye utajiri wa migodi.

Tukirudi Zanzibar, mwaka 2006 lilianzishwa Kongano la Mwani, chini ya mpango wa makongano bunifu ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyelibeba mabegani ni Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwishatumia miaka mingi vijijini akipima joto la maji na kasi ya mwani kukua. Kongano liliwaweka wakulima, watafiti, maofisa wa serikali na wafanyabiashara katika chumba kimoja. Vikao vya namna hii ni vingi nchini na vingi havizai kitu zaidi ya posho. Hiki kilizaa kwa sababu wakulima walikuja wakiwa vikundi, na kikundi kina jambo ambalo mtu mmoja mwenye haya mbele ya profesa hana: kinaweza kukataa.

Swali la kwanza walilolileta halikuwa la kotoni, jambo ambalo huenda lilimshangaza mtafiti aliyezoea maradhi ya mimea. Waliuliza la bei. Spinosamu tunao wa kutosha, walisema, tufanye nao nini kingine? Watafiti walijua kwamba mwani una uteute unaofaa ngozi na kwamba nchi nyingine huutia katika sabuni na krimu. Wanawake walijua kutumia mafuta ya nazi tangu kuzaliwa. Majaribio yakaanzia hapo.

Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, kaskazini ya Unguja, ni mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mwani unaokwenda kwenye sabuni hauanikwi mchangani kama ule wa kampuni. Huoshwa chumvi, huanikwa juu ya chanja ili usishike mchanga, hukaushwa mpaka ukatike kwa mlio, kisha husagwa. Kusaga ndiko kulikokuwa kazi kubwa mwanzoni, kwa sababu mwani mkavu ni mkakamavu na kinu cha kutwangia hutoa unga wenye chembe zinazokwaruza. Mashine ya kusagia ilipopatikana sabuni ilibadilika sura. Kostiki huyeyushwa kwanza katika maji na kuachwa ipoe, na anayeifanya kazi hiyo huvaa glavu na kukaa upande unaotoka upepo. Kisha mafuta ya nazi, kisha unga wa mwani, kisha harufu: karafuu, mdalasini, mchaichai au mkaratusi. Unakoroga upande mmoja mpaka uji uwe mzito na alama ya mwiko ibaki juu yake. Unamimina katika kalibu za mbao, na baada ya kukata vipande unaviacha wiki kadhaa rafuni, maana sabuni iliyoharakishwa huchoma ngozi.

Kila hatua hapo ilikuwa jaribio. Unga ukizidi, sabuni inameguka. Ukipungua, hakuna sababu ya kuiita sabuni ya mwani. Kipimo kimoja hakikubali mafuta ya msimu mwingine. Mtafiti mmoja akiwa chuoni angehitaji miezi mingi kuyapitia yote hayo, na pengine angeyapitia kwa mafuta ambayo hayapo Kidoti. Vikundi viliyapitia kwa kugawana, hiki kikijaribu kipimo hiki na kile kingine, na kongano likapeleka matokeo kijiji hadi kijiji. Kikundi cha Furahia Wanawake cha Bweleo kikaingia, na vingine vikafuata. Leo kipande cha sabuni kinamwingizia mwanakikundi fedha ambayo angeipata kwa kilo kadhaa za mwani mkavu mbele ya mnunuzi.

Sitaki kuipamba hadithi hii kupita kiasi. Sabuni haijawa mbadala wa mauzo ya nje, na haitakuwa hivi karibuni. Soko lake kubwa ni watalii, nao wakikosekana, kama ilivyotokea mwaka 2020, rafu zinajaa. Alama ya ubora kutoka Taasisi ya Viwango Zanzibar ina masharti ambayo kikundi kinachokorogea uani hakiwezi kuyatimiza bila jengo. Vifungashio vizuri huagizwa kwa maelfu, na kikundi kina vipande mia mbili. Hapa ndipo umoja wa vikundi unapofaa tena, kuagiza vifungashio kwa pamoja na kuomba jengo moja litumiwe kwa zamu. Mimi naona kazi hizi zisizo na sifa ni sehemu ya ubunifu sawa na kipimo cha sabuni, ingawa wafadhili wachache hupenda kuzilipia.

Swali la kotoni lilisubiri, na jibu lake ndilo lililofundisha mengi zaidi. Sababu zilijulikana polepole. Kilimo cha vigingi na kamba hufanywa mahali ambapo maji yakipwa mtu anafika kwa miguu. Maji hayo ya kina kifupi, jua la mchana likiyapiga, hupata joto kali, na joto limekuwa likiongezeka. Kotoni hauvumilii. Ukishadhoofika hushambuliwa na mwani mwitu unaojishikiza juu yake, na maradhi ya kupauka humalizia. Dawa ilijulikana pia: upandwe kwenye kina kirefu, ambako maji hayabadiliki joto upesi. Kamba zinazoelea zilikuwa zimejaribiwa Mlingotini, Bagamoyo, na katika muongo wa 2010 yakaja majaribio ya mirija ya nyavu. Mwani hutiwa ndani ya mrija mrefu wa wavu ulioning'inizwa kwa maboya na kushikiliwa na nanga, ili wimbi likikata tawi, tawi libaki ndani.

Kwa mimea jibu lilikuwa zuri. Likapelekwa kwa wakulima, na wakulima wakasema jambo ambalo halikuwamo katika vipimo vyovyote: hatujui kuogelea. Wanawake wa pwani hizi wamefanya kazi baharini maisha yao yote, maji yakiwa kiunoni. Kupita hapo kulikuwa kwa wanaume, kwa wenye vyombo. Kilimo cha kina kirefu kinadai boti, nahodha, mtu wa kuzamia kukagua nanga, na kutoka nyumbani kwa saa ambazo bamvua halizipangi. Lau mbinu ile ingetangazwa bila wao kusikilizwa, ingewapa wanaume zao lililokuwa la wanawake, nasi tungeandika ripoti kwamba utafiti umefaulu.

Kwa kuwa palikuwa na mahali pa kulisema, swali likageuka. Kazi ya utafiti ikawa pia kujua ni kina gani kinachopunguza joto na bado kinamruhusu mwanamke kufanya kazi kwa usalama, mrija uwe na uzito gani ili watu wawili wauinue, boti moja ihudumie kikundi cha watu wangapi. Mafunzo ya kuogelea na kuendesha chombo yakaingizwa kwenye miradi. Miaka ya karibuni Serikali ya Mapinduzi, chini ya sera yake ya uchumi wa buluu, imegawa boti kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani, ikijibu hitaji ambalo vikundi vilikuwa vikilisema kwa muda mrefu.

Wajerumani wamelifanya jambo hili kuwa kanuni. Mwaka 1954 jumuiya zao za utafiti wa viwanda ziliwekwa chini ya mwavuli mmoja, AiF, uliokuwa na makao Köln, na fedha za miradi hutoka wizara ya uchumi. Mradi haupiti bila kamati ya watu wa viwanda, vidogo vikiwamo, inayokaa na watafiti tangu swali linapoandikwa hadi matokeo yanapotolewa. Matokeo ni ya wazi kwa kila mwenye kiwanda, hata ambaye si mwanachama. Kamati hiyo inaweza kuonekana kama urasimu. Kazi yake, hata hivyo, ni ile waliyoifanya wanawake wa Unguja: kumwambia mtaalamu kwamba jibu lake ni sahihi na halifanyi kazi.

Kuna jambo moja ambalo mwani bado haulijui vizuri na kahawa inalijua kwa karibu miaka mia: kulipia. Mteremko wa Kilimanjaro mwaka 1925 uliona kuzaliwa kwa chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, Kilimanjaro Native Planters' Association, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Walowezi walikuwa wakipiga kelele kwamba mashamba ya Wachaga yatakuwa mazalia ya wadudu na maradhi, na kwamba Mwafrika asiruhusiwe kupanda arabika. Chama kilijibu kwa vitendo: kikajipanga kwa ajili ya pampu, dawa na maelekezo ya kupulizia. Kwa hao waasisi, kudhibiti wadudu ilikuwa suala la haki ya kubaki na shamba. Mwaka 1933 chama kikazaa ushirika wa KNCU, na mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungu, kwenye mteremko ule ule.

Historia ya ushirika huo haikunyooka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Wakati huo wote chulebuni ilikuwa ikila mibuni. Kuvu hiyo hushambulia tunda likiwa bichi, likaoza na kukauka tawini, na mwaka wa mvua na baridi shamba lisilopuliziwa linaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Aina za zamani za Lyamungu, N39 na KP423, zilipendwa kwa ladha na hazikuwa na kinga. Mkulima alipulizia mrututu na dawa nyingine msimu baada ya msimu, bei ikianguka asipulizie, na matunda yakaoza.

Mwaka 2001 kituo cha Lyamungu kilianza kazi kwa sura mpya, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Ilikuwa kampuni ya wadau wa kahawa wenyewe, ikipata fedha za Umoja wa Ulaya na serikali pamoja na tozo ndogo iliyokatwa kwenye mauzo ya kahawa. Anayekatwa tozo huuliza inakwenda wapi. Mwaka 2005 TaCRI ilitoa chotara tisa za arabika zenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, zao la kazi ya miaka mingi iliyoanza kabla haijabadilishwa jina.

Likabaki suala la kuwafikishia wakulima miche. Kenya ilikuwa imetoa Ruiru 11 mwaka 1985, aina yenye ukinzani, na wakulima wakaisubiri miaka kwa miaka kwa sababu mbegu yake ilibidi ipatikane kwa kuchavusha ua moja moja kwa mkono, na mahitaji yakaishinda mikono. TaCRI ilichagua vikonyo. Vipande vya shina la mti mama huoteshwa mizizi, na kila mche unakuwa sawa na mama yake. Kituo kimoja kisingetosha nchi nzima, kuanzia Mbinga na Mbozi hadi Kagera na Tarime, kwa hiyo vikundi vya wakulima na vyama vya msingi vikapewa miti ya kuanzisha bustani mama zao. Kikundi kinapanda bustani, kinakata vikonyo, kinajenga kitalu cha nailoni chenye unyevu, kinauza miche kijijini. Jibu la maabara liligeuka biashara ndogo ya wale wale waliouliza swali. Bila vyama kulibeba, lingekaa Lyamungu likisifiwa na wageni.

Vyama navyo huharibika. Vipo ambavyo viongozi wake hawajashika jembe kwa miaka ishirini, ambavyo mwenye shamba la hekta mia husikika na mwenye robo eka hunyamaza, ambavyo tozo hukatwa na hesabu haisomwi. Chama cha namna hiyo kikipewa utafiti kitauelekeza kwenye matatizo ya wakubwa. Ndiyo maana hesabu ya tozo isomwe mkutanoni kwa sauti, na kamati ya utafiti ichaguliwe na wanachama badala ya kuteuliwa na mwenyekiti.

Kwa mwani, miradi mingi ya kongano imeendeshwa kwa fedha za wafadhili, na naogopa jambo hilo zaidi ya joto la maji. Mfadhili ana miaka mitatu na ripoti ya mwisho. Mradi ukifungwa, mirija ya nyavu hubaki imekunjwa ghalani. Zanzibar husafirisha zaidi ya tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka. Shilingi 10 tu kwa kila kilo, zikikatwa kwa mnunuzi bandarini ili zisimshukie mkulima, ni shilingi milioni 100 kila mwaka, na serikali ikiongeza shilingi kwa shilingi kama Waingereza walivyofanya mwaka 1917, ni milioni 200. Fedha hizo zingewekwa mikononi mwa jumuiya ya wakulima wa Unguja na Pemba, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakiwa washauri na wakandarasi wake.

Swali la kwanza lipo tayari. Mwani unaofungwa leo ni kipande cha kipande cha mbegu zilizoletwa tangu 1989, na mimea iliyokatwa na kupandwa hivyo kwa miongo mitatu hufanana mno kuweza kuhimili jambo jipya. Katika bahari zetu wapo ndugu wa kotoni na spinosamu wa asili, tofauti na wale wa Ufilipino, ambao hawajawahi kujaribiwa kwa upana. Kuwakusanya, kuwalea kitaluni, kuwapima katika vijiji mbalimbali misimu yote miwili ya pepo, kaskazi na kusi, ni kazi ya miaka mitano au zaidi. Wakulima ndio wanaojua walipo. Aina itakayofaulu itakuwa na thamani kubwa, na kampuni zitaitaka. Kwa hiyo kabla kipande cha kwanza hakijafungwa kwenye taitai, mkataba wa umiliki wa mbegu uandikwe kwa Kiswahili, usomwe Kidoti, Bweleo, Paje na Pemba, na jumuiya ya wakulima iwe mmiliki aliyetajwa ndani yake.